Habari za Njia

Kibondo,
18 Juni 2023

Mwanangu Vestina,

Mwidiwe! Salamu yetu nimeipigia makofi yake kabla sijashika kalamu, nawe huko uliko yapokee. Sisi hatujambo. Maharage tumevuna na kupura, si haba. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha, na mtoto wa jirani yangu Ndayikeza ameanza kusimama dede. Wewe je? Wanafunzi wa huko Makere wanakusikiliza, au wanautazama umri wako na kucheka? Uliposema chuo kinakupeleka kwenye mafunzo kwa vitendo nilidhani unakwenda kulima.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua unasubiri zamu yako. Konda wa basi la asubuhi ameahidi kuiacha dukani kwa Mwajabu, stendi ya Kasulu, utaichukua ukishuka mjini.

Sasa jambo lenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji amempa Mansuri, yule mfyatua matofali wa mjini, ile ardhi ya bondeni yenye udongo mzuri. Mansuri amezungusha uzio wa miiba, na njia yetu ya kwenda chemchemi imebaki ndani ya uzio. Tunazunguka mlimani, kupitia shamba la Abdalah. Huko ndiko Ndayikeza alikoteleza na ndoo kichwani akavunjika mkono. Tulikwenda mkutanoni tukasema. Mwenyekiti alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akasimama. Mansuri atatoa matofali ya madarasa mawili, alisema, watoto waache kusoma chini ya turubai. Kuzunguka kidogo si kazi. Akamalizia: "Uongozi wangu ni wa vitendo. Maneno tumeyachoka."

Basi tumempa alichotaka, maneno tumeyaondoa. Tangu siku ile hakuna mwanamke wa kitongoji hiki anayemsalimia. Akipita, mikono inabaki kwenye jembe na macho yanabaki kwenye udongo. Wewe ni wa huku, unajua maana yake mtu mzima kupita asipigiwe makofi.

Ninachotaka kujua ni hiki, kwa kuwa wewe ndiye msomi wetu wa mambo ya nguvu na mwendo. Sisi hatufanyi kitu. Tumekaa tu. Kwa hiyo fizikia yenu, kutofanya kitu kunaweza kuwa kufanya kitu?

Nakuombea macho yenye afya ya kusahihisha madaftari.

Shangazi yako,
Kezia


Makere, Kasulu,
2 Julai 2023

Shangazi wangu Kezia,

Mwidiwe, na mara nyingine Mwidiwe kwa ajili ya mbuzi na mapacha wake. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kinatazama barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na magari ya mashirika yakipita yanatia vumbi mpaka kwenye chai. Wanafunzi wananisikiliza siku za mwanzo wa wiki. Ijumaa wanamsikiliza Mungu peke yake. Mpe Ndayikeza pole nyingi.

Shangazi, nikuulize. Kwa nini umeandika "mwenyekiti"? Barua nzima hukumtaja kwa jina. Nilisoma mara ya pili nikidhani labda amechaguliwa mwingine nikiwa huku. Huyo ni baba yangu. Ni kaka yako wa tumbo moja.

Swali lako nitalijibu kama ninavyofundisha. Kwetu kazi ni kani, yaani nguvu ya kusukuma, mara umbali. Ukisukuma ukuta kutwa nzima na ukuta usisogee, hujafanya kazi. Hata ukitembea tambarare na ndoo kichwani, shingo inaisukuma ndoo juu lakini ndoo inakwenda mbele, kwa hiyo kwa hesabu zetu shingo haijafanya kazi yoyote. Sasa mtu aliyekaa na kunyamaza, bila kusukuma wala kusogeza chochote, samahani sana Shangazi, jibu lake ni sifuri.

Lakini swali limenikaa kichwani. Niulize zaidi.

Ni mimi ninayekumiss na dagaa zako za mawese,
Vestina


Kibondo,
16 Julai 2023

Mwanangu Vestina,

Mwidiwe, mwalimu wa sifuri! Hapa wazima. Mapacha wa mbuzi wamekuwa watundu, mmoja amekula sabuni na bado yuko hai. Ndayikeza mkono wamemfunga, analalamika kwamba unawasha.

Barua yako niliisoma kwa sauti kule chemchemini. Nilipofika pale pa shingo isiyofanya kazi, wanawake walicheka mpaka ndoo zikafurika. Mmoja akasema nikwambie uje ubebe hiyo sifuri mwenyewe, tupande nayo kwa Abdalah jua la saa nane. Ndayikeza hakucheka. Aliniuliza, "Huyu si ndiye binti yake?" Nikakumbuka kwamba baba yako naye alisema kuzunguka si kazi. Nimeona ulikotoka.

Umeuliza kwa nini nimeandika mwenyekiti. Kwa sababu kaka yangu sina ugomvi naye. Ninayemnyima salamu ni mwenyekiti. Taabu ni kwamba wanatembea kwa miguu ile ile. Tangu mama yako afariki nampelekea kaka chakula cha jioni, na mpaka leo nampelekea. Naweka sahani mlangoni, nakohoa, naondoka. Asubuhi naikuta imeoshwa, imefunikwa juu ya jiwe. Wenzangu wanasema nawaharibia, na labda ni kweli, lakini hatukukubaliana kumtia mtu njaa.

Kuna jingine linalonisumbua. Babu yako alipovuka mpaka kutoka Burundi alitufundisha kunyamaza. Tukiulizwa kwetu ni wapi, tunyamaze. Tukidhulumiwa, tunyamaze, tusije tukaonekana. Hata tulipopata uraia alikuwa ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba yako ndiye wa kwanza kwetu kusimama mbele ya watu akapigiwa kura. Siku ile nililia kwa furaha, wewe ulikuwepo.

Kwa hiyo kunyamaza nakujua tangu utoto. Lakini kimya hiki si kile. Kile cha babu kilikuwa kinanipunguza. Hiki cha sasa, nikishika jembe baba yako akipita nyuma yangu, mgongo unasimama wenyewe. Mtu akitutazama kwa mbali ataona ni kitu kimoja tu, wanawake waliofunga midomo. Tofauti iko wapi? Vipimo vyenu vinaweza kuipata?

Na uniambie wewe uko upande gani. Hilo hukuligusa.

Shangazi yako asiyechoka kuuliza,
Kezia


Makere, Kasulu,
20 Agosti 2023

Shangazi,

Mwidiwe. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa kwa Mwajabu chini ya marobota ya vitenge. Alipoiona nilikuwa kwenye mitihani, na ilipokwisha mitihani nilikuwa sijui niandike nini. Nimepungua kidogo, chakula cha hapa ni wali maharage, maharage wali. Waombe radhi wanawake wote wa chemchemini. Ile sifuri nimeibeba mpaka darasani na imenielemea.

Niliwatoa wanafunzi nje, nikawaambia wausukume ukuta wa maabara kwa nguvu zote. Kisha nikaandika ubaoni: kazi ni sifuri. Binti mmoja akanyoosha mkono akifuta jasho. "Mwalimu, kama sijafanya kazi, mbona nimechoka?"

Nilikwenda kusoma. Kumbe msuli ukikaza bila kusogea, ndani yake kuna nyuzi ndogo sana zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia, bila kupumzika. Nje hakuna kinachosogea, lakini ndani kazi inafanyika na chakula kinaungua. Kwa hiyo pale niliposema shingo yako haifanyi kazi nilikuwa nimetazama ndoo tu, shingo yenyewe sikuitazama. Labda na tofauti ya vimya vyako viwili imekaa huko ndani, ambako mimi nikisimama barabarani na kipimo changu siwezi kuiona.

Halafu wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kanuni ya tatu ya mwendo. Inasema ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ile ile. Vitabu vinatoa mfano wa roketi. Mimi niliwaambia wapige makofi ya Mwidiwe, yale ya kumsalimia mzee. Nikauliza: mkono upi umepiga, na upi umepigwa? Walibishana sana. Mwisho wakatazama viganja, vyote viwili vina moto sawasawa.

Nikakufikiria wewe. Najua kanuni hiyo ni ya vitu, si ya watu, na mwalimu wangu wa chuo akiisikia hivi atanikata alama. Lakini nauliza tu. Kila baba anapopita bila salamu, wewe hakikugusi kitu?

Kalale salama, na unisalimie mapacha,
Vestina


Kibondo,
3 Septemba 2023

Vestina mwanangu,

Mwidiwe. Wazima, isipokuwa yule mbuzi mla sabuni, ametutoka. Jua ni kali, chemchemi imepungua, tunasubiriana kwenye foleni. Tanuri la Mansuri linatoa moshi kutwa. Ndayikeza amefunguliwa mkono lakini vidole havijakunjika vizuri. Hata akitaka kumpigia mtu makofi hawezi.

Umeuliza kama hakinigusi kitu. Nitakusimulia jambo ambalo sijamwambia mtu, na wewe usilisome kwa sauti popote.

Juzi nilikuwa kwenye migomba ya Ndayikeza nakata majani ya kufunikia. Yeye alikuwa uani anamfundisha mtoto kutembea, anampigia paja kwa mkono mzima, na bibi wa mtoto anapiga makofi: pa, pa, pa, njoo, njoo. Baba yako alikuwa anapita nyuma ya migomba na baiskeli. Akayasikia makofi.

Akasimama. Akailaza baiskeli chini, akavua kofia, akainama kidogo kama tunavyoinama, naye akapiga makofi yake yote, taratibu, kwa adabu. "Mwidiwe," akasema. "Mwidiwe, mwidiwe. Watoto wazima? Mbuzi? Shamba limesemaje mwaka huu? Na mgonjwa mkono unaendeleaje?" Alisema yote, Vestina, mpaka mwisho, kwa sauti ile aliyokuwa akimsalimia nayo marehemu mama yetu. Na kila akiuliza alikuwa anaacha nafasi ya kujibiwa.

Kisha akanyoosha shingo, akaona ni mtoto. Akavaa kofia. Akaiinua baiskeli lakini hakuipanda, akaikokota mpaka njia inapokunja.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona shati lake limekatika kifungo. Mikono yangu ilikuwa na kisu na majani, nami niliibana hivyo hivyo. Ningeiachia, ingempigia makofi yenyewe. Jioni nilimpelekea ugali na samaki wa migebuka, nikakohoa, nikaondoka, nikaenda kulia nyuma ya nyumba yangu. Sasa umeridhika? Kinanigusa.

Lakini kesho yake nilipanda tena kwa Abdalah, na yule mama mjamzito wa karibu na kanisa alikuwa mbele yangu anapanda kwa mikono na miguu. Nami sikumsalimia baba yako.

Nilikuuliza uko upande gani, nawe ukajificha nyuma ya ukuta wako wa maabara. Unampigia simu kila Jumapili. Mnaongea nini?

Shangazi yako,
Kezia


Makere, Kasulu,
17 Septemba 2023

Shangazi wangu,

Mwidiwe, na makofi haya nimeyapiga kweli, mpaka mwenye nyumba akachungulia. Pole kwa mbuzi. Barua yako niliisomea kwenye kituo cha pikipiki, na waendesha bodaboda wakaniuliza nimefiwa na nani.

Upande wangu huu hapa. Nyinyi mna haki ya njia. Na mimi siwezi kumnyima baba salamu. Nilijaribu. Jumapili moja mwezi wa nane nilianza na "halo" kama mtu wa benki. Nilikuwa namsikia anapumua. Nikampa Mwidiwe yake, na akaipokea haraka mno, kama anaogopa nitaichukua.

Basi baada ya barua yako nimefanya jingine, na sijui litaitwaje. Nimemsalimia yote. Si wewe uliyenifundisha kwamba salamu ya kwetu haikatwi katikati, na kila anayeulizwa habari yake lazima ajibiwe? Jumapili iliyopita nilianza: habari za nyumbani, habari za shamba, habari za mbuzi. Akajibu nzuri, nzuri. Nikaendelea. Habari za Ndayikeza? Akasema anaendelea. Habari za vidole vyake? Akasita, akasema havijakunjika. Habari za mama mjamzito wa karibu na kanisa? Habari za mteremko wa kwa Abdalah? Habari za chemchemi? Habari za njia?

Hapo hakujibu. Sikumsaidia. Mtu akiulizwa habari na akanyamaza, salamu inabaki wazi, na kwetu hakuna anayeweza kuendelea na maongezi mengine. Tulikaa hivyo mpaka salio langu likaisha.

Leo nimempigia tena na nimeuliza vile vile, kwa adabu zote, sauti ya mtoto kwa baba yake. Alipoona nakaribia njia alisema, "Vestina, madarasa yale ni ya watoto wa nani?" Nikasema ni ya watoto wetu, baba, na namshukuru kwa ajili yao, na ukuta uliofika madirishani nimesikia habari zake. Kisha nikauliza habari za njia.

Naogopa, Shangazi. Naogopa Jumapili moja hatapokea.

Mwanao,
Vestina


Kibondo,
8 Oktoba 2023

Mwanangu Vestina,

Mwidiwe. Mvua ya kwanza imenyesha, tumeanza kupanda. Madarasa yamefika linta, juu ya madirisha. Kaa, nikueleze kwa mpangilio.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nachambua mbegu mlangoni. Baba yako akaja, bila baiskeli. Yeye ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayepaswa kuanza. Akakaa chini, siyo kwenye kigoda, akakaa chini kabisa na suruali yake ya mikutano, akanipigia makofi yeye. Mkubwa kwa mdogo! Kama babu yako angeona angedhani dunia imepinduka.

Mikono yangu niliiacha kwenye ungo. Ikawa mizito, zile nyuzi zako ndogo nilizihisi zote.

Akasema, "Mwanao ananiuliza habari za njia kila Jumapili."

Nikasema, "Na wewe unamjibu nini?"

"Nitamwona Mansuri."

"Ukishamwona nipo hapa hapa, kaka."

Nilimwita kaka, lilinitoka. Akatazama ungo kwa muda, akaokota kokoto moja kwenye mbegu zangu, akaitupa, akaondoka. Sikumjibu makofi yake. Ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, na mtu aliyekuwa anapita barabarani angesema nilikuwa nachambua maharage.

Mansuri alikataa kusogeza uzio kabla hajamaliza kuchoma. Walipigiana kelele, bonde zima lilisikia. Alhamisi tulipofika mlimani na ndoo tukaona kule chini mtu anaivuta miiba kwa mikono. Alikuwa peke yake. Hakuita mkutano, hakusema ni mradi wa nani. Tukashuka, tukasimama. Alikuwa amefungua upenyo wa mtu mmoja, na ukipita na ndoo kichwani miiba inakukwaruza mabega. Wengine walisema hiyo si njia, ni tundu la panya. Wengine walisema tumalize. Kisha wakanitazama mimi, dada yake. Ndayikeza akasema, "Wewe ndiye uliyezishika salamu zetu, tuambie."

Nikapita kwenye upenyo, nikachota maji, nikarudi, nikaitua ndoo mbele yake. Mikono ilikuwa imelowa. Nikapiga makofi mara moja. "Mwidiwe." Hapo hapo nikaishia. Sikuuliza watoto, sikuuliza mbuzi, sikuuliza chochote. Maji yalimrukia usoni.

Alijibu vizuri, kwa adabu, akasubiri zinazofuata. Nikamwambia hizo nyingine atazipata siku wanawake wawili wenye ndoo wakipishana hapo bila mmoja kuingia kwenye miiba.

Nilijitwisha ndoo yangu nikaondoka, na sikugeuka. Sasa sijui. Labda nimemwaibisha bure mbele ya watu na kesho ataufunga tena. Darasani ungesemaje: nimefanya kazi, au sifuri?

Shangazi yako,
Kezia


Makere, Kasulu,
15 Oktoba 2023

Shangazi,

Mwidiwe. Mzima, nimenyeshewa, mafua kidogo. Barua hii ni fupi kwa sababu konda wa basi linalofika kwenu jioni ananisubiri na abiria wananung'unika.

Leo ni Jumapili, na kabla sijapiga mimi, baba amepiga yeye. Haijawahi kutokea. Hakungoja nimalize salamu. Hakusema neno kuhusu Mansuri, wala upenyo, wala maji usoni. Ameniuliza tu kama nakumbuka marehemu mama aliiweka wapi ile sululu kubwa, maana jembe peke yake halitoshi, kuna mizizi.

Nimemwambia iko nyuma ya ghala, chini ya mabati. Akasema haya, akakata.

Usiku huu usimpelekee chakula mlangoni. Mpelekee bondeni, atakuwa huko.

Vestina